Je, Slackware bado inamfaa mtumiaji wa leo?

Swali: Nimekuwa nikitumia Slackware, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, tangu toleo la 13, na kila ninapowasha kompyuta yangu mbele ya wenzangu kazini huniuliza kwa nini bado ninaandika amri ndipo nipate eneokazi. Mwezi ujao nitanunua kompyuta mpakato mpya, na ile ya zamani ataichukua mdogo wangu, ambaye hajawahi kutumia Linux. Je, mfumo huu bado unafaa kwa kazi za sasa, au ninaung'ang'ania kwa mazoea tu? Na huyo mdogo wangu nimwachie Slackware hiyo hiyo?

Jibu: Umeuliza maswali mawili, na majibu yake yanatofautiana, ingawa yote yanaanzia mahali pamoja. Toleo la kwanza la Slackware lilitolewa na Patrick Volkerding mwezi Julai 1993, na miongoni mwa distro (yaani matoleo mbalimbali ya mfumo) za Linux zinazoendelezwa hadi leo hakuna iliyo kongwe kuliko hiyo. Hata hivyo, ukifungua toleo la 15.0, lililotoka Februari 2022, utakuta maeneokazi ya Plasma 5 ya KDE na Xfce, PipeWire kwa ajili ya sauti, na hata PAM, mfumo wa kuthibitisha watumiaji wanapoingia, ambao Slackware iliukataa kwa miaka mingi. Programu, basi, si za kale. Cha kale ni mgawanyo wa kazi kati ya mfumo na mwenye kompyuta: mifumo mingi ya sasa imejitwalia kazi ambazo Slackware bado inamwachia mtu, na kufaa kwake kunategemea kama mtu huyo anazitaka kazi hizo au hazitaki.

Amri ya startx, ile unayoiandika ili upate eneokazi na inayowashangaza wenzako, ni jambo dogo kabisa. Fungua faili ya /etc/inittab, ubadilishe tarakimu 3 kuwa 4 katika mstari wa kiwango cha kuanzia, na kuanzia hapo kompyuta itakupokea kwa skrini ya picha kama nyingine zote.

Tofauti yenyewe hasa iko kwenye vifurushi, yaani faili zinazobeba programu za kusakinishwa. Amri ya installpkg hufungua kifurushi, huweka faili mahali pake na kuandika kumbukumbu ya ilichokiweka, basi. Haiulizi kama maktaba, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu hiyo inavihitaji ili ifanye kazi, zimo ndani ya kompyuta. Tuseme umepata kifurushi cha programu ya kuhariri video. Usakinishaji unakwisha bila lalamiko lolote, unabofya ikoni, na hakitokei kitu. Unaiita programu hiyo kutoka kwenye terminali, nayo inakuambia kwamba maktaba fulani haipatikani. Unaichunguza kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, unapata orodha ya maktaba thelathini na ushei, na miongoni mwake moja haina anwani. Unaitafuta hiyo moja, unaisakinisha, unajaribu tena, kumbe nayo ilikuwa inaitegemea nyingine. Kwa mtu aliyesakinisha mfumo mzima, kama waendelezaji wenyewe wanavyoshauri, mkasa huu hauji kila siku, kwa sababu maktaba nyingi tayari zimo. Lakini LibreOffice, kwa mfano, haimo, na programu nyingi za nje utazijenga kutoka kwenye msimbo chanzo kwa skripti za SlackBuilds, ambazo hutunzwa na watu wa kujitolea. Zipo zana kama sbotools zinazofuatilia mategemeo hayo kwa niaba yako, nami sioni aibu yoyote kuzitumia.

Malipo ya usumbufu huo ni kwamba mfumo haufanyi jambo nyuma ya mgongo wako. Huduma zinazoanza pamoja na kompyuta ni skripti za kawaida ndani ya saraka ya /etc/rc.d: faili yenye ruhusa ya kutekelezwa huanza, isiyo nayo hulala. Seva ya wavuti ikigoma, unaifungua rc.httpd kwa kihariri chochote cha matini na kusoma mwenyewe inachojaribu kufanya. Debian, ambayo nayo ilizaliwa mwaka 1993, ilihamia systemd, programu moja kubwa inayosimamia huduma zote hizo, katika toleo la 8 la mwaka 2015. Siungani na wanaoiona systemd kuwa balaa, kwani kwa anayesimamia seva mia moja ina manufaa makubwa, ila kwa mashine moja unayoijua vizuri, zile skripti bado zinatosha.

Kuna mahali ambapo mgawanyo huo wa kazi unauma. Baada ya kusasisha kiini cha mfumo (kernel), mashine inayowashwa kwa LILO, programu inayopakia kiini hicho kompyuta inapowaka, ni lazima uiendeshee amri ya lilo upya kabla ya kuizima, kwa maana LILO hukumbuka kiini kilikaa wapi kwenye diski, haikitafuti kwa jina. Mimi mwenyewe niliwahi kuisahau amri hiyo usiku wa manane, na asubuhi nikaikuta seva imekwama kabla hata ya kuanza. Ilinibidi niiwashe kwa diski ya usakinishaji ili niiokoe. Siku hizi ninatumia GRUB, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ambayo nayo imo ndani ya Slackware.

Kuhusu kompyuta yako mpya, usihangaikie kasi, chunguza chipu. Kati ya toleo la 14.2 la Julai 2016 na 15.0 ilipita zaidi ya miaka mitano, na 15.0 ilitoka na kiini cha familia ya 5.15, ambacho ni cha mwaka 2021. Masasisho ya usalama hutolewa, lakini chipu ya Wi-Fi au ya michoro iliyoundwa baada ya hapo huenda isitambuliwe kabisa. Tawi la current, yaani Slackware ya majaribio inayoendelea kuandaliwa, lina viini vipya zaidi, kwa sharti kwamba utasoma maelezo ya mabadiliko kabla ya kila sasisho. Vilevile itakubidi uzime Secure Boot, kinga inayozuia kompyuta isiwashe mfumo usiotiwa saini, na kama kompyuta ni ya mwajiri, huenda sera yake isikuruhusu. Kabla ya kufuta chochote, iwashe kwa Slackware Live, toleo linaloendeshwa bila kusakinishwa, kutoka kwenye diski mweko, ujaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na kuilaza kisha kuiamsha. Ikifaulu yote manne, kwa mtu mwenye uzoefu wako sina sababu ya kukushauri uhame.

Mdogo wako mwekee Linux Mint au Debian, ambazo huzitafuta maktaba zenyewe. Uwezo wake wa kujifunza haumo katika hesabu hii, maana wengi wetu tulianza na mifumo migumu kuliko Slackware. Tatizo ni kwamba siku programu itakapokataa kufunguka kwa kukosa maktaba, atakayepigiwa simu ni wewe, na utamwelekeza atumie ldd huku huioni skrini yake.