Saiklini hudhibiti, hazithibiti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika makala ya baiolojia kuhusu protini ziitwazo saiklini katika hamira. Mwenzangu ameandika kuwa "saiklini huthibiti mzunguko wa seli". Mimi naona ni "hudhibiti". Nani kapatia? – Mwanafunzi, Kahawa, Nairobi

JIBU: Marahaba. Wewe ndiye uliyepatia, na mwenzako amenitonesha kidonda. Juzi tu ndani ya matatu nimesikia redioni kwamba "polisi wamethibiti ghasia". Kuthibiti ni kuwa thabiti, kuwa kweli isiyo na shaka: habari imethibiti. Ukileta ushahidi, unathibitisha. Kudhibiti ni kukitia kitu mkononi kisitoke mpakani. Yote mawili yametoka Kiarabu, kila moja na mzizi wake.

Tazama sentensi ya mwenzako inavyoharibika. Mzunguko wa seli ni hatua ambazo seli hupitia hadi igawanyike. Katika hamira ya mkate, kimeng'enya Cdc28 kipo wakati wote, lakini peke yake hakifanyi kazi. Lazima kishikane na saiklini. Saiklini iitwayo Cln3 hutangulia, zikafuata Cln1 na Cln2, na seli ikaanza kuchipua. Clb5 na Clb6 huanzisha kunakiliwa kwa DNA. Clb2 na wenzake huisukuma seli igawanyike, kisha huvunjwavunjwa. Zisipovunjwa, seli hukwama pale pale, haimalizi kugawanyika. Basi niambie, hapo kuna nini cha kuthibiti? Hakuna anayetoa ushahidi wala habari inayosubiri kuaminiwa. Kuna mlango unaofunguliwa kwa zamu na kufungwa kwa zamu, na anayeshika mlango hudhibiti. Mwalimu wa sayansi akiandika "huthibiti", mtoto ataelewa kwamba saiklini huhakikisha tu kuwa mzunguko upo, na somo zima limepotea kwa herufi moja.

Waandishi wengine huniambia wasomaji wataelewa tu. Sikubali. Ndivyo tulivyofika mahali ambapo mtu "anathamini" mashindano aliyoyalipia, ilhali ameyadhamini.

Na kwa kuwa umetaja hamira: ile nyingine inayopendwa maabarani inaitwa Schizosaccharomyces pombe. Mjerumani Paul Lindner aliieleza mwaka 1893, baada ya kuipata katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Neno letu aliliandika sawasawa, herufi zote tano.

Mwambie mwenzako aweke kidole kooni, aseme "dhahabu", kisha "thelathini". Ya kwanza itamtetemesha tangu mwanzo wa neno. Hiyo "dh" ndiyo anayoitafuta.