Marumaru mpya bafuni, maji yanakimbilia chumbani

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa ujenzi. Mimi nakaa Tabata, tuna nyumba ya chini tu tumejenga kidogo kidogo na mwenzangu. Miezi miwili iliyopita tulipiga marumaru bafu la chumbani, ni dogo, mita 2 kwa mita moja na nusu. Fundi nililetewa na jirani, ni shemeji yake kabisa. Tulikubaliana ufundi laki nne na nusu, nimeshampa laki tatu na nusu. Sasa mzee nikioga maji hayaendi kwenye tundu, yanatuama karibu na mlango alafu yanapenya mpaka chumbani, zulia nimelitoa. Marumaru tatu ukizikanyaga zinalia, grauti imekuwa nyeusi na sehemu nyingine imetoka kabisa, na ukuta wa chumba cha watoto uliopakana na shawa rangi inavimba na kutoa unga mweupe. Juzi mama mkwe alikuja kutusalimia akateleza humo, kama asingeshika mlango angeanguka vibaya. Fundi nikimpigia anasema hiyo kawaida, atakuja kupiga grauti nyingine na silikoni ila nimmalizie laki yake kwanza. Baba watoto yupo Mwanza kikazi na mimi naona aibu kwa jirani. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na mama mkwe mpe pole yangu. Nianze na la haraka mana naona ndo linakubana: hiyo laki usiitoe bado, na hiyo grauti mpya usikubali. Sio kwamba nataka ugombane na shemeji wa jirani, hapana, ila grauti ni kijazio tu cha katikati ya marumaru na marumaru, haizuii maji yasipite na wala haiwezi kugeuza maji yanayokwenda mlangoni yaende kwenye tundu. Akishapaka litaonekana zuri wiki tatu nne, hela utakuwa umeshatoa, na maji yanaendelea kule chini usikoona.

Marumaru kupinda kidogo, mstari usionyooka vizuri na mlango, kona iliyokatwa vibaya kwa grainda, hivyo vinaudhi lakini unaweza kuishi navyo. Maji yakienda siko huwezi kuishi nayo. Kwahiyo kila unachokagua humo ndani jiulize kwanza maji yanakwenda wapi.

Leo jioni fanya hivi. Chukua sarafu au kipini cha bisibisi, gonga kila marumaru, katikati na pembe zote nne, sakafuni na ukutani mpaka usawa wa kichwa. Iliyoshika inatoa mlio mfupi mzito, yenye hewa inalia kama debe tupu. Kila inayolia ibandike kipande cha selotepu. Nina uhakika hazitakuwa tatu, hizo tatu ni zile tu ambazo mguu umezigundua. Alafu mwaga ndoo moja ya maji pale chini ya shawa, usiyasukume na fagio, yaache yaende yenyewe na wewe rekodi video kwa simu mpaka yatulie. Ukiwa na pimamaji weka sakafuni kuelekea tundu, kama huna hata gololi ya watoto inatosha, iachie tu uone inakoelekea. Bafu linatakiwa kushuka kuelekea tundu kama sentimita 1 na nusu mpaka 2 kwa kila mita, maana yake kwako kutoka mlangoni mpaka tundu kama ni mita 1 na nusu hivi basi pawe na tofauti ya sentimita 2 mpaka 3. Na sakafu ya bafu pale mlangoni iwe chini kidogo ya sakafu ya chumba, hata sentimita 2. Mafundi wengi wanapiga usawa mmoja kwa sababu inapendeza machoni.

Ule unga mweupe ukutani ni chumvi. Maji yanaingia kwenye tofali na plasta, yanayeyusha chumvi iliyomo, yakifika upande wa pili yanakauka na chumvi inabaki inasukuma rangi. Sasa hapo kuna mawili, ni maji ya kuoga yanayopita nyuma ya marumaru au ni bomba limepasuka ndani ya ukuta, na usibomoe kabla hujajua ni lipi. Funga koki zote za nyumba usiku, piga picha mita ya maji, asubuhi kabla hujafungua chochote angalia tena (kama mnatumia tangi funga na koki ya kuingizia tangini ili isikudanganye). Namba zikiwa zimesogea una bomba linalovuja, ita fundi bomba kwanza. Zikiwa palepale, na hilo bafu mkalipumzisha siku tatu nne ukaona ukuta unaanza kukauka, basi ni maji ya kuoga. Kama bomba la shawa linatoka kwenye tangi, mita haitakuambia kitu, hapo utategemea hiyo ya kulipumzisha, na koki ya kwenda bafuni nayo uifunge.

Nikwambie nilichokiona mimi mwenyewe mana nahisi na kwako kiko hivyohivyo. Niliitwa kwenye bafu moja Mbezi, marumaru za sakafuni porseleni nzuri za bei, zinalia. Nikaingiza tindo kwenye kiungo nikainua moja. Haikuvunjika hata kidogo, ilitoka nzima kama mfuniko wa sufuria. Mgongo wake ulikuwa safi, vile vistari vya kiwandani vyote vinaonekana, hakuna hata chembe ya saruji iliyoshika. Chini yake mabonge matano ya udongo wa saruji, manne pembeni na moja katikati, moja lina alama ya vidole vya fundi kabisa, na katikati ya mabonge maji meusi yamejaa yananuka. Yale maji yalikuwa ya kuoga, yalikaa pale miezi. Hapo ndo grauti inakokuwa nyeusi, unyevu unatoka chini.

Na kosa lake ni la kujifunza. Porseleni karibu hainywi maji kabisa, inafyonza asilimia 0.5 au chini ya hapo. Ile niru ya saruji tupu tuliyokuwa tunabandikia marumaru za kauri zamani ilishika kwa sababu kauri inanyonya, tulikuwa tunaziloweka kwenye ndoo kwanza. Porseleni ukiibandika kwa niru haishiki, inataka gundi yake ya mfuko, tena ipakwe kwa mwiko wa meno sakafu nzima na mgongo wa marumaru upakwe pia, sehemu ya maji ishike karibu mgongo wote, asilimia 95. Muulize fundi wako alibandikia nini. Kama hukununua hata mfuko mmoja wa gundi, jibu unalo.

Sasa kama sakafu haina mteremko hakuna dawa ya juujuu mwanangu, naumia kukwambia lakini ni kubomoa sakafu yote ya bafu, sio zile tatu tu. Na ukutani mtoe mistari miwili ya chini kuzunguka bafu, na upande wa shawa zote mpaka usawa wa mtu anaposimama kuoga. Ukuta uliobaki kama haulii uacheni, usije ukashawishiwa kubomoa kila kitu. Hata ukitaka kuokoa baadhi ya marumaru za chini haitakusaidia sana, leo ukienda dukani na kipande cha mkononi utapata ua lilelile lakini rangi imepishana kidogo, kila toleo la kiwanda lina shedi yake, imeandikwa kwenye boksi. Nunua za sakafu nzima mara moja, shedi moja, na uongeze kama asilimia 10 za kuvunjika, na safari hii chukua zenye kukwaruza mguu. Zinazong'aa ni za ukutani, nadhani mama mkwe aliteleza kwa sababu hiyo.

Baada ya kubomoa, sakafu ya mchanga na saruji ipigwe upya na mteremko upimwe hapohapo, sio kwenye marumaru. Imwagiliwe wiki nzima alafu iachwe ikauke. Ndipo ipakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili, yaani mara mbili, ipande ukutani sentimita 30 hivi na upande wa shawa ipande mpaka usawa wa mtu anaposimama kuoga, kwenye kona na kuzunguka tundu ndo ipakwe kwa makini zaidi mana panavuja hapo. Ikikauka ziba tundu kwa tambara ndani ya mfuko wa nailoni, weka kizuizi kidogo mlangoni, jaza maji kina cha sentimita 2, chora alama ya penseli ukutani na uache masaa 24. Alama ikiwa palepale na ukuta wa watoto mkavu, bandikeni. Fundi akibandika ya tatu au ya nne mwambie aiinue mbele yako uone mgongo. Atakasirika, mwache akasirike. Grauti kesho yake sio siku hiyohiyo, na kona zote za ukuta na sakafu ziwekwe silikoni, sio grauti, mana kona zinacheza na grauti inapasuka.

Kuhusu shemeji wa jirani. Usimalizane naye kwa simu. Mwite yeye na jirani aliyemleta, waje wote wawili, kwa heshima, wape chai, alafu mwaga ndoo ile ya maji mbele yao. Usiseme neno. Kama ni fundi mwenye utu atainama mwenyewe aangalie, na akikubali kosa mimi ningempa nafasi ya kurudia kazi bila kudai hela nyingine ya ufundi, ninyi mnunue vifaa ambavyo mlitakiwa kununua mwanzo, na muandikiane kwenye karatasi siku ya kuanza, ya kumaliza, na kwamba laki inatoka baada ya maji kulala masaa 24 bila kushuka. Jirani asaini kama shahidi. Akisema tena ni kawaida, mshukuru na utafute mwingine.

Ukiona anakutisha kudai hela yake, nenda serikali ya mtaa mkasuluhishwe, na ikishindikana mahakama ya mwanzo ipo. Usidhani kwa kuwa hamkuandikiana huna haki, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, na kifungu cha 73 kinazungumzia fidia kwa aliyepata hasara mwenzake alipovunja mkataba. Ushahidi wako ni meseji za muamala ulizomtumia hela, ile video, picha za marumaru zenye selotepu, na jirani. Kwahiyo usifute kitu kwenye simu. Na baba watoto mtumie hiyo video leo, usilibebe peke yako.

Fundi mpya ukimtafuta usiridhike na picha za kwenye simu, bafu lolote siku ya kwanza linapendeza. Mwambie akupeleke kwenye bafu alilofanya mwaka jana, uende na sarafu yako.

SWALI: Mzee, bafu letu lina marumaru za zamani, fundi anasema tubandike mpya juu yake bila kubomoa tuokoe gharama. Inafaa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Inawezekana, kama za zamani zimeshika zote, maji yanaenda kwenye tundu na hakuna unyevu upande wa pili wa ukuta. Zioshwe mpaka mafuta na mabaki ya sabuni yatoke yote, zikwaruzwe kwa grainda, na gundi iwe ile iliyoandikwa kwenye mfuko kwamba inabandika juu ya marumaru, niru haitashika kabisa. Kumbuka sakafu itapanda zaidi ya sentimita 1, kwahiyo mlango utakatwa chini na tundu la maji lipandishwe, na pale mlangoni angalieni bafu lisije likawa juu ya chumba. Gonga zote kwanza. Ikilia moja moja mnaitoa na kujaza, zikilia nyingi bomoeni.