Kwa dada wa Shangani mwenye paka wa kisukari

Dada, sindano isikutishe. Wangu hapa Mikindani alizoea ndani ya wiki, aliyetetemeka ni mimi. Insulini ni kila baada ya saa 12, akishakula. Akigoma kula usimchome dozi nzima, mpigie kwanza daktari wa mifugo. Tena kagua bomba la sindano: la U-100 (la insulini yenye uniti 100 kwa mililita) halipimi sawa na insulini ya U-40 (uniti 40 kwa mililita), hapo ndipo watu wanapoua paka bila kujua. Ugali na wali achana navyo, mpe samaki asiye na chumvi (ng'onda hapana!). Akiyumba au kulegea ghafla, huenda sukari imeshuka: mpake asali kwenye fizi, usimnyweshe kwa nguvu, mkimbize kwa daktari. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo, insulini iliyomo isipate joto.