Kabla hujapakia spika kwenda Ssese

Mawaidha mengi ya kutembelea visiwa huandikwa kana kwamba mtalii ni lazima awe mzungu mwenye kofia pana. Lakini hebu fika Nakiwogo, Entebbe, Ijumaa mchana, uone ni nani wanaosubiri kupanda feri ya MV Kalangala. Ni sisi. Wafanyakazi wa benki kutoka Kampala, kwaya iliyokodi nyumba ya wageni, wanafunzi wa chuo, jamaa waliovuka mpaka kutoka Kisumu au Bukoba. Tumebeba katoni za maji, mkaa, nyama, hata nyanya, na spika inayohitaji watu wawili kuinyanyua.

Mimi ni mpenzi wa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, hasa Bugala, kile kikubwa kuliko vyote 84. Kila nikisafiri na kundi jipya najikuta narudia maneno yaleyale, basi afadhali niyaandike.

Kwanza, punguza mzigo. Kalangala mjini, hapo Bugala, kuna soko na maduka, na ukiagiza mapema wenyeji watakupikia matoke, samaki na chochote unachotaka. Nyanya ulizotoka nazo soko la Nakasero, Kampala, ni pesa ambazo mama wa soko la Kalangala hakuzipata, ila kavera, yaani mfuko wa plastiki, uliyozifungia utamwachia yeye. Takataka za kisiwani hazina pa kwenda: zitazikwa, zitachomwa, au zitaingia ziwani. Sheria ya kuzuia kavera tunayo tangu 2009, na kila mtu anajua imefika wapi. Kwa hiyo soda na bia mimi nanunua za chupa za kioo, maana kreti tupu hurudi bara kujazwa tena. Maji tunanunua dumu kubwa moja, kila mtu anajaza chupa yake. Plastiki ikibaki, inaingia kwenye gunia na gunia linarudi nasi kwenye feri. Kampala wapo wanaozinunua chupa hizo kwa kilo. Watu hunicheka na gunia langu, na mimi nawaacha wacheke.

Samaki ndio wanaoleta wengi huku, na hapo ndipo mgeni anapofanya madhara bila kujua. Sheria ya Uganda inataka sangara, yaani mputa, asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na ngege, yaani sato, asiwe chini ya 28. Huna haja ya rula. Sangara halali anazidi kidogo dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ngege anazidi shubiri ya mtu mzima. Vile vidogo vinavyokaangwa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapofikia, na kuuzwa bei poa ni watoto wa sangara ambao hawajapata kuzaa. Ukiviona, pita. Agiza mukene badala yake. Hao ndio dagaa wetu, udogo ni maumbile yao, na wakikaangwa na kitunguu na pilipili hutakumbuka kuwa ulifuata sangara.

Tukiwa bado mwaloni, niseme kuhusu simu. Mwaka 2017 kikosi cha jeshi kiliingia ziwani kusaka nyavu haramu na mitumbwi isiyofikia kipimo. Nyavu zimechomwa, mitumbwi imechomwa, watu wamekamatwa. Wavuvi wengine wanaunga mkono, maana samaki wakubwa wameanza kuonekana tena. Wengine wamepoteza kila walichokuwa nacho. Sasa mtu wa namna hiyo akuone wewe, usiyejulikana, umesimama mbele ya mtumbwi wake unapiga picha, atafikiri nini? Mzee mmoja wa mwaloni aliniambia kwa Kiswahili safi cha Mwanza, "Mwanangu, picha yako nzuri, lakini mimi sijui inakwenda kulala kwa nani." Tangu siku hiyo simu inabaki mfukoni. Nasalimu kwanza, nakaa, nanunua chai, nauliza habari za maji. Picha ikija, ije baada ya hapo, na mwenyewe akiwa amekubali. Droni ndiyo usiifikirie kabisa kama huna kibali.

Salamu nayo ina taratibu zake. Bugala lugha ya kila siku ni Luganda, ingawa mialoni utasikia Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania na cha Kongo vikigongana. Hata kama Luganda yako ni ya kuokoteza, anza na "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi) na usiulize bei kabla hujaitikiwa. Vijana wa Kampala ndio wabaya zaidi kwa hili. Wanamwita mtu mzima kwa mluzi kama konda wa matatu. Nguo za kuogelea zina mahali pake, ufukweni Lutoboka. Ukipanda kilima kwenda mjini, vaa. Na wasichana wanaohudumu kwenye baa za mialoni si sehemu ya kifurushi cha likizo yako. Nimeona wanaume wazima na pete zao vidoleni wakijisahau, na sitaki kulieleza zaidi.

Kuna wanaosema visiwa hivi "vilikuwa vitupu" na kwamba msitu wake ni wa asili tangu Nuhu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kandokando ya ziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wenyeji wa Ssese kwenda bara. Walirudi baadaye sana. Pale ambapo mgeni anaona pori, familia fulani inajua lilikuwa shamba la babu yao. Ndiyo maana siingii msituni bila mtu wa kuniongoza, na mtu huyo namlipa mwenyewe, mkononi, bila kupitia hoteli. Bubembe, kisiwa chenye hekalu la Mukasa, lubaale (mungu wa jadi wa Waganda) wa ziwa, ni hivyo hivyo. Uwe Mwislamu au mlokole, pale ni mahali pa ibada ya watu. Uliza unapoingia unavua nini, unanyamaza wapi, na kama picha zinaruhusiwa. Ukiona huwezi kuzuia mzaha, baki hotelini.

Michikichi utaiona, hekta kwa hekta, mahali palipokuwa na msitu. Inauma. Lakini usimhutubie mkulima mdogo anayesomesha watoto kwa mawese, huku chapati uliyokula asubuhi imekaangwa kwa mafuta hayohayo.

Sasa choo. Samahani, lazima. Kichocho cha ziwa hili ni kile cha tumbo: mayai yanatoka na kinyesi, yanaangukia majini, yanakwenda kwa konokono, kisha minyoo inamrudia mtu kupitia ngozi. Mgeni anayejisaidia nyuma ya mwamba baada ya bia ya tano anawachangia watoto wanaochota maji hapo asubuhi. Lipia choo, au rudi hotelini. Na wewe mwenyewe ukiogelea, epuka sehemu zenye majani na maji yaliyotulia, na ukirudi nyumbani pima baada ya wiki kadhaa. Dawa ipo na si ghali.

Kama muda wako ni siku moja tu, Ngamba inatosha. Ni mwendo wa boti kutoka Entebbe, na tangu 1998 ni makazi ya sokwe waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara. Msitu wa kisiwa kile hauwatoshi kwa chakula, kwa hiyo wanalishwa kila siku, na kiingilio chako kinasaidia kununua vyakula hivyo. Utawaona ukiwa jukwaani, si kuwashika. Ukiwa na mafua ahirisha safari, hata kama umeshalipa, kwa sababu sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na yanaweza kuwaua. Na popote visiwani ukiletewa kinda la kasuku wa kijivu, kataa. Usinunue hata kwa huruma. Huruma yako ndiyo itakayomrudisha muuzaji mtini kuchukua mwingine.

Usafiri: feri ya Nakiwogo hadi Lutoboka huchukua kama saa tatu na nusu. Ile ya Bukakata kwenda Luuku, upande wa Masaka, ni bure na inafaa kwa wenye gari. Boti za mbao za kutoka Kasenyi zinafika visiwa vingi ambavyo feri haifiki, lakini usipande bila jaketi la kuokolea, na ulivae; usilikalie. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa, wengi bila jaketi, muziki ukiwa juu. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Nahodha atanuna, abiria watakuita mwoga, na utalala Entebbe usiku mmoja zaidi.

Jambo la mwisho linahusu kalenda. Krismasi, Pasaka na Iddi feri hufurika, na anayebaki gatini mara nyingi ni mwenyeji aliyekuja bara kununua dawa au bidhaa za duka. Kama kazi yako inakuruhusu, nenda Jumatatu au Jumanne. Chumba utapunguziwa bei ukiomba kwa adabu, ufukwe utakuwa na nafasi, na mpishi atakuwa na muda wa kukueleza mukene wake anawakaanga vipi.