Graundi ziko mbili: kwa mnaoanza pawa saplai za flaibaki

Wadogo zangu, kabla hujawaza transfoma gani ununue au usuke mwenyewe, shika hili kwanza, kwenye flaibaki (saplai inayoshusha umeme wa ukutani kwa kuwasha na kuzima swichi haraka) yenye aisolesheni, yaani pande zake mbili zimetenganishwa, graundi ziko mbili, ya praimari (upande wa umeme wa ukutani) na ya sekondari (upande wa umeme unaotoka), na hazigusani kwa waya kamwe. Bodi yangu ya kwanza nilizichora zote nikaziita GND, basi programu ya kuchorea ikaona ni kitu kimoja ikazimwagia shaba moja chini ya transfoma, ile 12V niliyotaka watu waishike ikawa imeungana na umeme wa ukutani. Niligundua kwa sababu nilipima graundi na graundi kwa mita kabla sijawasha, mita ikalia. Tangu hapo ya praimari naiita PGND ya sekondari SGND, na kupima siachi.

Sasa transfoma. Hii ya flaibaki haifanyi kazi kama ile ya kawaida, mosfeti (ile swichi ya kielektroniki upande wa praimari) ikiwaka inajaza nishati kwenye koa (kiini cha feraiti ambacho waya umesukwa juu yake), ikizima ndo nishati inatoka upande wa pili, na karibu yote inakaa kwenye kale kapengo kadogo ka hewa katikati ya feraiti. Kwa hiyo usibebe koa isiyo na pengo eti kwa sababu saizi inafanana, itashiba sumaku, mkondo utapanda ghafla na mosfeti itakufa hapo hapo.

Uwiano wa mizunguko uupigie hesabu, usikisie. Umeme wa 265V ukishanyooshwa unafika kama 375V DC. Ukitaka 12V, ongeza 0.7V ya daiodi, kwa uwiano wa 8 kwa 1 praimari inarudishiwa kama 102V, jumla 477V juu ya mosfeti ikizima, mosfeti ya 650V bado ina nafasi ya ile spaiki (mruko wa ghafla wa volti) inayotokana na sumaku isiyovuka kwenda sekondari. Weka 16 kwa 1 uone, unafika 578V spaiki haijaja bado! Snaba (sakiti ndogo ya kupunguza spaiki) inasaidia ila haiokoi uwiano mbovu.

Sekondari mi nasukia waya wa insulesheni tabaka tatu, na kwenye bodi naacha mm 8 tupu kati ya pande mbili, hapo inavuka transfoma, optokapla (inayopitisha ishara kwa mwanga) na kapasita ya Y (kapasita ya usalama kati ya pande mbili) basi.

Hiyo kapasita ya Y ndo wengi wanaikosea. Inairudisha kelele ya swichingi kwao praimari, so iunganishe na njia yake fupi mpaka kwenye hasi ya kapasita kubwa ya umeme ulionyooshwa, isipite kwenye graundi ya IC (chipu inayoendesha mosfeti) maana itaivuruga. Graundi ya IC nayo iende peke yake ikutane na ya mosfeti sehemu moja tu, hapo hapo kwenye kapasita kubwa. Chukua Y1 halisi (Y1 ni daraja la usalama la kapasita hizi), 2.2nF kwa 230V ya 50Hz inapitisha kama 0.16mA, ndo ule mchonyoto unaousikia ukigusa chuma, na usiweke kapasita ya kawaida maana ikipiga shoti aisolesheni yote imekwisha. Ethi ikiwepo inaenda kwenye kasha la chuma, kamwe isiende PGND.

Na klipu ya graundi ya oskiloskopu usiibane PGND, klipu ile imeungana na ethi, utapiga shoti. Tumia probu ya difarensho, au ulishe saplai kupitia transfoma ya aisolesheni.