Kuunganisha Nyaya za Elektrodi kwenye Potenshiostati: Kwa Wanaoanza

Anayeingia maabara ya kemia ya umeme kwa mara ya kwanza hufundishwa kwa makini kung'arisha elektrodi, kupima chumvi na kuandaa myeyusho, lakini ikifika zamu ya nyaya za potenshiostati, yaani mashine inayodhibiti volti za elektrodi na kupima mkondo, huonyeshwa kwa kidole tu: huu hapa, huu pale. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na somo halisi nililipata kwa hasara.

Nilikuwa na kipande cha kioo kilichopakwa utando mwembamba wa dhahabu, nilichokuwa nimekisubiri kwa wiki kadhaa. Nilikitumbukiza kwenye maji ya chumvi, nikabana waya wa elektrodi ya kazi (ile inayochunguzwa, hapa kioo changu) na ule wa elektrodi saidizi (inayokamilisha njia ya mkondo), kisha nikaanzisha kipimo bila kugundua kwamba waya wa elektrodi rejea (ile tulivu ya kulinganishia volti) ulikuwa bado umelala mezani. Kompyuta ilionya kwamba mkondo umepita kiwango, mapovu yakafoka ndani ya chombo, na kabla sijakifikia kile kitufe cha programu cha kusimamisha kipimo, dhahabu ilikuwa imekwisha kuondoka na kuniachia kioo kitupu, kwa kuwa dhahabu huyeyuka kwenye kloridi inaposukumwa hadi potenshali (kiwango cha volti) ya juu.

Sababu yake ni hii. Potenshiostati hailazimishi tu volti fulani kama betri inavyofanya; inasoma tofauti ya potenshali kati ya elektrodi ya kazi na elektrodi rejea, kisha inaongeza au kupunguza umeme kupitia elektrodi saidizi mpaka tofauti hiyo ilingane na thamani uliyoandika. Waya wa rejea ukikatika, mashine haioni tena matokeo ya kazi yake, kwa hiyo huendelea kusukuma hadi mwisho wa uwezo wake, ambao kwenye mashine nyingi ni volti 10 au zaidi, ilhali maji yenyewe yanaweza kuanza kutengana kwa volti 1.23. Povu dogo lililonasa kwenye ncha ya elektrodi rejea huleta balaa lile lile hata kama kibanio kimeshika barabara, ndiyo maana mimi huigonga elektrodi hiyo kwa ukucha na kuitazama dhidi ya mwanga kabla ya kuitumbukiza.

Kuhusu rangi, usiziamini kwa mazoea. Waya mwekundu kwa watengenezaji fulani ni wa elektrodi ya kazi, na kwa wengine ni wa elektrodi saidizi, hivyo mwanafunzi anayehama kutoka mashine moja kwenda nyingine na mazoea yake hupima kinyume bila kujua. Soma maandishi yaliyo kwenye kiunganishi, au fungua mwongozo wa mashine iliyo mbele yako. Mashine nyingine zina pia waya wa kuhisi, unaosoma volti ya elektrodi ya kazi na ambao hubanwa pamoja na waya wake, na waya wa ethi (wa ardhi), ambao kwa kawaida huenda kwenye sanduku la chuma linalozuia kelele za umeme. Waya wa ethi usiotumika usiachwe ukining'inia karibu na vibanio vingine, kwani ukigusana navyo utapiga shoti.

Kabla ya kushika kibanio chochote, hakikisha seli (chombo chenye myeyusho na elektrodi) imezimwa, yaani mashine haiipelekei umeme, na usitosheke na kuona kipimo kimemalizika, maana baadhi ya programu huiacha seli ikiwa hai baada ya kipimo kwisha. Anza na waya wa rejea, fuatisha wa kazi pamoja na wa kuhisi, na umalizie na wa elektrodi saidizi; huo ukiwa nje, hakuna njia ya mkondo kupita, hivyo kosa lililotangulia halitakugharimu kitu. Kama unachopima ni betri, tahadhari iongezeke, kwa sababu betri ina umeme wake hata mashine ikiwa imezimwa: funika kibanio kimoja kwa mpira wake wakati unabana kingine, na hakikisha volti za betri hazizidi kiwango ambacho mashine inaruhusu.

Vibanio vyenyewe vikae juu ya myeyusho. Meno ya kibanio yakiloa, shaba yake nayo huingia kwenye mmenyuko, na mkondo utakaousoma utakuwa wa shaba. Ukiona ukungu wa kijani kwenye meno hayo, yasugue kwa msasa laini, yafute kwa maji safi na uyakaushe. Nyaya nazo zifungwe kwa utepe kwenye stendi, kwa kuwa uzito wao hutosha kuipindua seli ndogo.

Ukiwa na shaka na nyaya zako, chukua rezista ya omu 1000, bana waya wa kazi na wa kuhisi upande mmoja, wa rejea na wa saidizi upande wa pili, kisha weka volti 0.5; usipopata miliampea 0.5, tatizo haliko kwenye kemia yako. Ukirudi kwenye seli, soma kwanza potenshali yake bila kupitisha mkondo, kwa dakika chache. Namba ikitulia, endelea. Ikiwa inarukaruka au inatangatanga kwenye volti kadhaa, rudi ukaangalie elektrodi rejea. Kipimo kikiisha, zima seli, na waya wa elektrodi saidizi uwe wa kwanza kutoka.