Swali la lugha: "Dawa ya kivumbasi" ni dawa ya nini?

Swali: Kikundi chetu cha akina mama hapa Muheza hukausha majani na maua ya kivumbasi na kuyauza. Kwenye pakiti tumeandika "Dawa ya kivumbasi". Mwalimu mmoja ametuambia tumekosea, eti hayo ni maneno ya dawa ya kuulia kivumbasi, kama dawa ya mbu ilivyo ya kuua mbu. Tumekosea kweli? Pia, tuandike kwamba kivumbasi "kinatibu" mafua au "kinaponya" mafua?

Jibu: Kisarufi hamjakosea, dada. Hata hivyo mwalimu hakusema ovyo, maana hako ka "ya" kadogo kanabeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani.

Tazama tunavyosema kila siku. Dawa ya kikohozi hupigana na kikohozi, lakini dawa ya macho haipigani na macho, huyasaidia. Dawa ya meno ni ya kusafishia, dawa ya viatu ni ya kung'arishia. Dawa ya mwarobaini imetoka kwenye mwarobaini. Dawa ya mganga ni mali ya mganga au imetoka mkononi mwake, na dawa ya kunywa inaeleza namna ya kuitumia. Hata methali inayosema dawa ya moto ni moto inategemea "ya" hiyohiyo. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu msikilizaji haangalii "ya", anaangalia jina linaloifuata. Likiwa ni ugonjwa au mdudu, anaelewa kwamba dawa ni ya kuuondoa au kumwondoa. Likiwa kiungo cha mwili, ni ya kukihudumia. Likiwa mti, dawa imetengenezwa kwa mti huo.

Sasa mti ndio unaoleta shida, kwani mkulima naye ana dawa ya magugu, na magugu ni mimea. Kivumbasi hujiotea chenyewe vichakani, pembezoni mwa misitu na kwenye mashamba yaliyolala. Kwa anayepalilia kinaweza kuwa gugu tu. Kwa hiyo mwalimu wenu amesoma pakiti kwa jicho la mtu wa shamba. Mnunuzi mwingine atakayeinusa pakiti hiyo hatafikiri hivyo hata kidogo.

Na ataijua kwa harufu, maana kivumbasi (wengine husema mvumbasi, wengine kivumbasha) ni ndugu wa mrehani. Ukilishika shina lake utahisi pembe nne. Maua ni madogo, meupe au ya zambarau iliyofifia, yamelizunguka shina pete juu ya pete hadi kileleni. Yasugue viganjani na harufu itakueleza mengi kuliko kamusi. Jina hili limekusanya zaidi ya aina moja: ipo aina yenye kafuri nyingi (kafuri ndiyo ambayo wazee wa pwani huiita karafuu maiti), na ipo nyingine ambayo mafuta yake ni yaleyale yanayoipa karafuu harufu yake. Wakulima wa kandokando ya msitu wa Kakamega, Kenya, hulima ile ya kafuri, na mafuta yake hutengenezewa dawa ya kuchua.

Hapo kwenye "ya kuchua" ndipo ninapotaka mfike. Kiswahili kikitaka kuondoa utata wa "ya" hukimbilia kitenzi: dawa ya kuchua, ya kunywa, ya kupaka, ya kujifukizia. Kitenzi kikiingia, kivumbasi kinaweza kufuata bila kumtisha mtu: "Dawa ya kujifukizia ya kivumbasi". Neno kujifukiza linafaa hasa kwa mnachokiuza, yaani majani na maua yanayochemshwa chunguni, mtu akajifunika blanketi na kuuvuta mvuke kwa ajili ya mafua na kifua. Wengi sasa husema kupiga nyungu, msemo uliotapakaa Tanzania nzima mwaka 2020. Ni Kiswahili kizuri cha mazungumzo, ila kwenye pakiti ningechagua kujifukiza. Kama mnauza pia ya kuchoma jioni ili moshi wake uwaondoe mbu, msiandike "dawa ya mbu" peke yake. Andikeni "ya kufukuzia mbu". Kufukuza si kuua, na kivumbasi sifa yake ni kufukuza. Wala msivuke kutoka hapo mkasema kinatibu malaria! Kumzuia mbu ni jambo moja, kumtibu aliyekwisha kuugua ni jingine, na huyo lazima afike hospitali.

Kuhusu kutibu na kuponya, tofauti ni kubwa na ningependa muizingatie sana. Kutibu ni kazi inayofanywa juu ya ugonjwa, iwe imefaulu au haijafaulu. Ndiyo maana tunasema "alitibiwa miezi mitatu, hakupona", na sentensi hiyo haina kasoro. Kuponya ni kumfanya mtu apone, yaani matokeo yamekwisha kupatikana. Ukiandika "kinaponya mafua" umempa mnunuzi ahadi. Kuna pia kuganga, kitenzi cha zamani ambacho wengi wamemwachia mganga peke yake, ingawa kila siku tunakitumia katika methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Kwa kivumbasi mimi nisingetumia hata kutibu. Mafua huisha yenyewe, na mvuke humpunguzia mtu adha tu wakati anangoja. Vitenzi vya kazi hiyo tunavyo tele: hutuliza kikohozi, huzibua pua, hupunguza maumivu ya kichwa. Tena tumieni "hu-", si "kina-". "Kinazibua pua" husikika kama jambo linalotokea sasa hivi, lakini "huzibua pua" ni mazoea yaliyojulikana tangu kwa bibi zetu. Mkitaka kuonyesha wazi kwamba ni elimu ya mapokeo, semeni "hutumika".

Pakiti yenu basi ningeiandika hivi: juu kwa herufi kubwa, "KIVUMBASI CHA KUJIFUKIZIA". Chini yake, "Majani na maua makavu. Hutumika kuzibua pua na kutuliza kikohozi." Neno dawa mnaweza kuliacha kabisa.